Solfa za kwaya yetu hazipatani, tufuate mtindo upi?

SautiYaTatu_Umoja: Wadau, hamjambo. Naongoza kwaya ya kanisa huku Umoja, na karibu waimbaji wote wanasoma solfa (noti zilizoandikwa kwa herufi kama d, r, m). Nakala zetu zimepita mikono mingi. Mwandishi mmoja anaonyesha s ya chini kwa kinamba kidogo chini ya herufi, mwingine aliyechapa kwa simu ameweka koma. Koma hiyohiyo ndiyo inayokata robo ya pigo! Besi wanashuka, wengine wanakimbiza. Pia sauti ya tatu (tena), nakala moja imeandikwa d, nyingine d¹ (d ya juu), na sauti inayotakiwa ni ileile. Jumapili ya Matawi iko karibu. Niandike upya zote, au wazoee mitindo yote?

Mwalimu_Kinanda: Ndugu, andika upya. John Curwen, aliyeeneza solfa Uingereza karne ya 19 akijengea kazi ya Sarah Glover wa Norwich, aliandika sauti za tena na besi oktava moja (noti nane) juu ya zinavyosikika ili alama zisijazane. Kwa hiyo wimbo ukiwa Doh (d) ni C, d¹ ya tena ni sawa na d ya soprano. Anayeandika d hapo anafuata sikio. Hakuna ubaya, mradi asichanganye na ule mtindo mwingine kwenye karatasi moja.

BesiMkongwe: Mimi naona uache. Wazee wa besi wamekariri, ukibadilisha karatasi utawavuruga.

Alto_Rongai: Mzee wangu, waimbaji wapya je? Hao hawajakariri chochote.
SautiYaTatu, kagua pia fe (f iliyopandishwa nusu toni). Kwenye stafu (noti za mistari mitano), shapu, alama ya kupandisha nusu toni, ikishawekwa hushika noti hiyo mpaka mwisho wa kipimo, kwa hiyo hairudiwi. Solfa haibebi hivyo, kila fe huandikwa. Anayenakili kutoka stafu kwa haraka huweka fe, halafu f ya kawaida kwenye kipimo hichohicho, na alto tunaimba kitu ambacho mtunzi hakukiandika. Tafuta stafu ya wimbo ulinganishe.

SautiYaTatu_Umoja: Asante dada, hilo la fe nimeliona kwenye nyimbo mbili tayari. Na koma?

Mwalimu_Kinanda: Koma iachie robo pigo. Oktava ya chini weka kinamba 1 chini ya herufi. Simu ikikataa, chapisha kwanza, kisha utie kwa kalamu kabla ya kutoa nakala. Na juu ya kila karatasi andika: "Tena na besi: oktava moja juu."

SautiYaTatu_Umoja: Naanza na za Matawi. Mzee, besi nitakaa nao Alhamisi kabla ya mazoezi.