Mnaounganisha msimbo wa maktaba kwenye kompaila bila kuujaribu nje ya x86, mnatuumiza!

Wakuu, leo uvumilivu umeniisha, acha niseme.

Kwa mara ya tatu mtu amechukua msimbo mpya kutoka kwa wenye maktaba, akaumwaga wote ndani ya mradi wa kompaila yetu (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) kwa mkupuo mmoja. Maelfu ya mistari, na maelezo aliyoandika ni maneno mawili: "kusasisha maktaba". Kwake imejengeka, maana ana x86-64 (prosesa za kompyuta nyingi za kawaida), Linux mpya na glibc mpya, yaani maktaba kuu ya C ya Linux. Sisi tunaotunza prosesa za aina nyingine, ARM, PowerPC na SPARC, tumeamka hakuna kinachojengeka.

Kompaila huijengi mara moja ukaenda zako. Inajengwa kwanza na kompaila ya zamani, halafu inajijenga yenyewe, halafu inajijenga tena, na matokeo ya awamu ya 2 na ya 3 yanalinganishwa baiti kwa baiti. Kwenye mashine yangu ya SPARC kazi hiyo inakesha. Jana nimeiwasha saa moja jioni, saa kumi alfajiri nikaikuta imekufa ndani ya maktaba ambayo wala si yetu, kwenye mstari nilioutengeneza kwa mikono yangu toleo lililopita: ukubwa wa struct stat (muundo wa data unaobeba taarifa za faili) kwa SPARC. Kiraka changu, yaani rekebisho lile, hakipo. Hakuna aliyekipinga wala kuniuliza kilikuwa cha nini. Faili jipya limewekwa juu ya la zamani, basi.

Maktaba yenyewe ni ile ya kukagua makosa ya kumbukumbu wakati programu inaendeshwa. Kazi yake inailazimu kujua miundo ya data ya mfumo kwa undani, kila uga unaanzia baiti ya ngapi. Wenye maktaba wamenakili vipimo hivyo kwa mkono, kisha wakaweka ukaguzi: kipimo kisipolingana na heda za mfumo (faili zinazotangaza miundo hiyo), ujenzi unakatika hapo hapo. Ukaguzi huo nauunga mkono, bora kukwama wakati wa kujenga kuliko kuharibu kumbukumbu ya mtu kimya kimya. Ninachokataa ni vipimo kuandikwa kana kwamba dunia ina mfumo mmoja. Mwaka 2020 glibc 2.31 ilibadilisha uga wa mode ndani ya ipc_perm (muundo wa ruhusa za mawasiliano kati ya programu) kutoka short, namba ya baiti mbili, kuwa mode_t, ya baiti nne, na ukaguzi wa namna hii ukaanza kukwama. Sasa mtu akirekebisha kwa ajili ya glibc mpya bila kuweka sharti la toleo, aliyebaki na ya zamani ndiye anayekwama. Umemtibu huyu kwa kumjeruhi yule.

Heda ni hivyo hivyo. sys/ustat.h iliondolewa kwenye glibc 2.28 mwaka 2018. linux/cyclades.h ikaondoka na Linux 5.13 mwaka 2021. Mifumo inabadilika, hilo nalikubali, lakini ni kazi ya mistari mitatu kuuliza kwanza kama heda ipo kabla ya kuijumuisha!

Mwenzangu wa ARM yamemkuta mabaya zaidi, kwa sababu kwake ilijengeka. Kuna kitanzi kinachosoma thamani ndani ya char (aina ya data ya baiti moja) na kusubiri iwe -1 ndipo kitoke. Kwenye x86 char ina alama, yaani inaweza kubeba namba hasi, kinatoka. Kwenye ARM na PowerPC za Linux haina, kwa hiyo ile -1 inageuka 255 na kitanzi hakitoki milele. Siku nzima aliitafuta hitilafu kwenye kompaila, akidhani sisi ndio tunazalisha msimbo mbovu. Kiwango cha C kinasema wazi kwamba alama ya char inaamuliwa na kila mfumo. Andika signed char au int, tatizo limekwisha.

Ukilalamika unaambiwa "peleka marekebisho kwa wenye maktaba kwanza". Tunapeleka! Wanajibu hawana mashine ya aina hiyo, marekebisho yanakaa miezi, na kabla hayajapokelewa mwenzetu huku ameshaunganisha tena na kufuta viraka vyote.

Ninachodai si kikubwa. Orodha ya viraka vyetu iwe ndani ya mradi, na anayeunganisha avirudishe kimoja kimoja kabla ya kusukuma chochote. Atupe siku tatu tujaribu kwenye mashine zetu. Ikivunjika, muungano unarudishwa nyuma siku hiyo hiyo, na aliyeuleta ndiye anayetengeneza.

Kiraka cha struct stat nakirudisha usiku huu, naanza tena kujenga kutoka awamu ya kwanza. Nyie wenye miradi kama hii, kwenu nani ana mamlaka ya kukataa muungano usiojaribiwa?