Mafuta ya karafuu kwa mapunye ya mtoto: niendelee au niache?

Mama Pacha: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa miaka 6 ana mabaka ya mapunye, mawili kisogoni na moja juu ya sikio. Yalianza kama wiki mbili baada ya kunyolewa saluni. Shemeji kaniletea kichupa cha mafuta ya karafuu toka Pemba, akasema hapo fangasi hafui dafu. Nikapaka hivyo hivyo kwa pamba. Mtoto kalia mpaka jirani kagonga mlango, asubuhi pamevimba malengelenge. Lakini kila nikisoma mtandaoni naambiwa karafuu inaua fangasi. Nani mwongo? Nichanganye na mafuta ya nazi?

Makonyo: Pole dada. Nimekulia Pemba, mafuta hayo tunayaweka kwenye chupa ya kioo maana plastiki nyingine yanaila. Usiyapake tena. Na kichupa ufiche: mtoto akinywa hata kijiko kimoja au viwili, ini linaweza kuharibika.

Mzee wa Maabara: Hakuna mwongo. Utando unaozunguka seli ya fangasi una ergosteroli, wetu una kolesteroli, zote ni aina za mafuta. Eugenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, hupenya utando huo, unavuja, seli inakufa. Kwenye sahani ya maabara unaona kabisa duara tupu, fangasi hawaoti, kuzunguka tone la mafuta hayo. Ila eugenoli haichagui. Utando wa seli za ngozi ya mwanao nao ni wa mafuta, ndiyo malengelenge hayo.

Halafu mapunye hayakai juu juu. Fangasi wameingia ndani ya unywele mpaka kwenye shina. Tazama palipopukutika: ukiona vidoa vyeusi, ni nywele zilizokatikia usawa wa ngozi. Huko hayafiki mafuta wala krimu. Inafika dawa ya kumeza, mfano griseofulvini, mara nyingi wiki 6 hadi 8, kipimo kwa uzito wake. Hospitali watakupangia. Umpe pamoja na maziwa au karanga, inanyonywa vizuri zaidi.

Kishoka: Acheni usomi. Mimi bibi alinipaka kitunguu saumu, nikapona.

Mzee wa Maabara: Ulikuwa na miaka mingapi mkuu?

Kishoka: 13 hivi.

Mzee wa Maabara: Ulibalehe. Mapunye mengi huondoka yenyewe umri huo.

Kishoka: 😂 Bibi asisikie.

Mama Pacha: Ahsanteni. Nimemulika kwa tochi ya simu, vidoa vipo. Na pacha wake kumbe anajikuna tangu jana, wanatumia kitana kimoja. Kesho zahanati, wote wawili.