Pikipiki Kimara (Dar es Salaam): Safari ya Iringa

Mzee Shomari: Habari za jioni wanangu. Jumamosi tunakutana Kibaha Maili Moja saa 12 kamili asubuhi, kila mtu tanki limejaa. Tunalala Mikumi mjini, Jumapili tunamalizia Iringa. Tupo 11, kwa hiyo makundi mawili, la sita na la watano, na yaachane dakika 10. Sitaki mkia wa pikipiki 11 pale Mlandizi. Magari yakishindwa kutupita, dereva mmoja atachoka kusubiri na kujichomeka katikati yetu.

Baraka: Shikamoo mzee. Kwani kulala Mikumi kuna ulazima? Kilomita 500 hazifiki. Tukikanyaga 90 mchana tupo Iringa.

Mzee Shomari: Marahaba. Hiyo 90 ni ya kwenye mita tu. Weka vijiji vya 50, malori, kujaza mafuta, kula: wastani unabaki 50 hivi. Ni saa 10 juu ya tandiko, na mlima wa Kitonga unaukuta jioni, mikono imekufa ganzi.

Chande: Na hivyo vibao vya 50 tochi za polisi za kupima mwendo zinavilinda. Kila kosa faini.

Baraka: 😅 sawa, tumelala Mikumi

Fundi Kessy: Nasikilizeni kabla hamjafika kwenye mambo ya kula. Ukaguzi ni Alhamisi, si Ijumaa usiku, ili kifaa kikikosekana kuwe na siku ya kukitafuta.

Cheni kwanza. Pima katikati ya sproketi mbili (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni), upande wa chini, sukuma kwa kidole: icheze milimita 25 hadi 30. Zungusha gurudumu upime sehemu tatu nne, maana cheni iliyochoka inakaza hapa na kulegea pale. Ukiikuta hivyo nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Wengi wanaikaza sana wakidhani ndiyo usalama. Ukipakia abiria na begi, gurudumu la nyuma linapanda, cheni inazidi kukaza, inakatika au inaua beringi ya gia boksi. Ikilegea mno inaruka, inajibana, gurudumu la nyuma linagoma kuzunguka ukiwa kwenye 70.

Halafu ile klipu ya kiungo cha cheni. Upande uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, mdomo ubaki nyuma. Ikigeuzwa, kikwazo kidogo tu kinaichomoa.

Chande: Hiyo klipu waangalie wote, hasa waliobadilishiwa cheni kijiweni.

Fundi Kessy: Na msipake oili chafu iliyotoka kwenye injini. Ina masizi na unga wa chuma, inasaga cheni. Pakeni oili ya gia namba 90, upande wa ndani wa cheni, jioni baada ya kuendesha ikiwa bado ya moto. Ikipakwa asubuhi unaondoka, inarukia tairi.

Dada Rehema: Upepo je? Pale Kimara kila mtu anajaziwa kwa kubonyeza kwa kidole.

Fundi Kessy: Kidole hakijui kusoma dada. Fuata kibandiko au kitabu cha pikipiki yako. Hizi zetu za cc 125 na 150 mara nyingi ni psi 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Pima tairi likiwa la baridi. Upepo ukiwa mdogo tairi linajikunja, linachemka, tyubu inateleza ndani na kung'oa mdomo wake wa kujazia upepo. Huo mpasuko haukubali kiraka. Kwa hiyo kila kundi libebe tyubu ya mbele na ya nyuma, na msome namba ubavuni mwa tairi: ya ringi 17 kwenye ringi 18 ni kulazimisha.

Baraka: Mafuta tunajaza wapi?

Chande: Chalinze, Msamvu pale Morogoro, Mikumi. Lita moja ni kama kilomita 40, kupanda Kitonga ni chini ya hapo. Koki ya mafuta ikae ON, usitembee kwenye rizevu ukadhani una akiba.

Mzee Shomari: Sasa mpangilio. Wa mbele anashika upande wa kulia wa njia yetu, wa pili kushoto, wa tatu kulia, hivyo hivyo. Kati yako na aliye kwenye mstari wako ni sekunde 2, na yule wa mshazari sekunde 1. Kwenye 80 sekunde 2 ni mita 44, msizibane. Kwenye kona, daraja, lami mbovu au mvua tunakuwa mstari mmoja, sekunde 2 zote. Wenye pikipiki ndogo na wageni wa safari ndefu wanakaa nyuma yangu mara moja, si mwisho. Mwisho ni Chande. Wa nyuma siku zote anakimbia kuliko wa mbele, kwa kuziba mapengo, ndiyo maana mgeni hawekwi huko.

Baraka: Na kupita malori? Mzee akipita tunamfuata?

Mzee Shomari: HAPANA. Hapo ndipo kikundi kinapoua watu.

Chande: Ngoja nimpigie hesabu. Lori lenye tela ni kama mita 20 na linakwenda 60. Wewe unapita kwa 75. Kuanzia mita 25 nyuma yake hadi mita 25 mbele yake unahitaji sekunde 17, na umetembea mita 350. Basi linalokuja kwa 80 nalo limekula mita 370 na ushee. Kwa hiyo unataka zaidi ya mita 700 za lami tupu unayoiona kwa macho yako. Sasa watano mkifuatana kwa sekunde 2, wa tano anamaliza sekunde 8 baada ya wa kwanza. Basi lile limeshasogea mita 180 nyingine. Nafasi ya mzee ilikuwa nzuri, ya kwako ni kifo.

Dada Rehema: Mungu wangu.

Mzee Shomari: Kwa hiyo kila mmoja anapita kwa macho yake. Ukishapita, songa mbele umwachie mwenzako pa kuingilia, usirudi kushoto na kupunguza mwendo. Indiketa ya dereva wa lori ni ya kumshukuru tu, haioni kwa niaba yako. Na tukiachana hakuna wa kufukuzia. Chalinze na Msamvu, njia zinapoachana, kila mtu anasimama hadi amwone wa nyuma yake kwenye kioo.

Baraka: Nimeelewa mzee. Pale hifadhi ya Mikumi je?

Chande: Fuata vibao, mchana ni 70. Lami inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50, na mnyama ukimgonga faini ni yako hata kama pikipiki imeisha. Swala mmoja akivuka, punguza kwa ajili ya wa pili. Tembo akiwa barabarani zima mbwembwe: usipige honi, usimulike, kaa mbali mpaka lori lije, upite ukiwa umejificha upande wake. Hakuna kushuka kupiga picha.

Fundi Kessy: Kitonga wakati wa kurudi ndiyo mbaya kuliko kupanda. Shukeni kwa gia ya pili au ya tatu, injini iwashike. Ukiweka frii na kukalia breki, brekishu zinachemka, pedali inashuka hadi chini na hakuna kitu. Katikati ya njia kwenye kona kuna dizeli iliyomwagika, pitieni mkondo wa matairi.

Dada Rehema: Upande wangu sasa. Helmeti kwa wote, abiria pia, na mkanda umefungwa. Tafiti zilizokusanywa na Cochrane zinaonyesha inapunguza vifo kwa 42% na majeraha ya kichwa kwa 69%. Isiyofungwa inaruka kabla kichwa hakijagusa lami.

Mtu akianguka: mmoja anaenda mita 100 nyuma kusimamisha magari, mwingine anapiga 112. Msimvue helmeti kama anapumua. Msimkalishe wala kumbeba mshikaki katikati ya pikipiki, shingo ikiwa imevunjika mnammalizia. Damu inayoruka ibanwe kwa kitambaa bila kuchungulia. Maji asipewe. Mikumi mjini kuna hospitali ya St. Kizito. Mmoja wenu apitie polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, msisubiri kuulizwa mlangoni mwa hospitali.

Baraka: Bima yangu si inanitibu?

Chande: Ile bima ndogo, ya mtu wa tatu, inamlipa uliyemgonga. Wewe haikujui.

Mama Jose: Mimi nimepanda na baba Jose, nibebe nini?

Dada Rehema: Suruali nzito, viatu vya kufunga, maji lita moja na nusu, koti. Iringa iko juu ya mita 1,500, jioni utatetemeka. Kwenye kona mwangalie bega lake la upande wa kona, usikae wima kumkatalia.

Fundi Kessy: Pampu ya mkono nani anayo? Yangu ni moja na makundi ni mawili.

Chande: Ninayo, lakini mpira wa mdomo umechanika.

Fundi Kessy: Niletee kesho kijiweni nikuwekee mwingine. Na uje na spana ya ekseli ya nyuma.