Kabla ya kumlipa mpiga picha wa harusi, tumuulize nini?

MtarajiwaWetu
Wakuu, habari zenu. Mimi na mchumba wangu tumebakiwa na wapiga picha wawili. Kazi zao mtandaoni zinavutia, bei zinakaribiana, na kila mmoja anataka malipo ya awali ndipo atushikie tarehe. Sherehe itaanza mchana nje, itaisha usiku ukumbini. Tuulize nini kabla pesa haijatoka? Na kwenye mkataba kisikosekane nini?

Lenzi85
Hongereni sana. Zile picha za mtandaoni ziwekeni kando kwanza. Picha thelathini nzuri zinaweza kuwa zimetoka kwenye harusi thelathini. Mwombeni kila mmoja awaonyeshe harusi moja nzima, picha zote alizomkabidhi mteja, tangu maandalizi hadi watu wanaondoka, na iwe iliyoishia usiku ukumbini kama yenu.

Mkishaipata, nendeni moja kwa moja kwenye maharusi wanaingia ukumbini, keki inakatwa, watu wanacheza. Hapo mwanga ni hafifu na hakuna anayetulia. Kuzeni picha kwenye skrini kubwa mtazame gauni: lesi na mishono vinaonekana, au ni doa jeupe tupu? Suti nyeusi ina mikunjo, au imekuwa kivuli? Watu wa ngozi tofauti wakisimama pamoja, kila mmoja ana sura yake? Mikono na nyuso za wachezaji zikiwa zimevutika kama ukungu, kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga kuingiza mwanga, ilikuwa ndogo. Bila flashi, kwa mtu anayecheza inahitajika kama 1/200 ya sekunde, 1/60 haitoshi.

Kuhusu vifaa, swali moja linatosha: ukumbini unatumia lenzi gani? Namba ya f huonyesha upana wa tundu la lenzi, na ikiwa ndogo tundu ni pana: lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Anayetegemea f/5.6 gizani itabidi apandishe sana ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, na picha zitajaa chenga. Flashi nayo hurushwa kwenye dari nyeupe ili mwanga urudi laini usoni. Dari ikiwa nyeusi au ya juu sana hakuna kinachorudi, kwa hiyo aende aukague ukumbi mapema, ikiwezekana saa zilezile za sherehe.

MhaririPicha
Naongezea hapo kwenye mwanga, maana wengi huumia bila kujua sababu. Taa za LED za bluu na zambarau zikimpiga mtu usoni peke yake, rangi nyingine za ngozi hazirekodiwi kabisa. Mhariri hana cha kurudisha. Mara nyingi kinachobaki ni kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Ongeeni na fundi taa: wakati wa kuingia, keki na hotuba, mwanga mweupe uelekezwe usoni, rangi zibaki ukutani. Na taa za leza zisielekezwe kwenye kamera, zinaweza kuunguza kihisi chake, yaani sehemu inayonasa picha.

Ulizeni pia picha zinahifadhiwaje. Kamera iwe na nafasi mbili za memori kadi na kila picha iandikwe kwenye zote mbili papo hapo. Kadi moja ikiharibika, pete haivishwi mara ya pili. Baada ya sherehe ziwepo nakala tatu, angalau moja ikae jengo jingine, na kadi zisifutwe mpaka nakala hizo zimekaguliwa. Akisita kujibu hapa, mimi nisingempa kazi.

MtarajiwaWetu
Asanteni sana. Mmoja anasema atakuja na msaidizi anayepiga pia. Kuna faida, au ni gharama tu?

Lenzi85
Faida ipo kama mnajiandaa sehemu mbili kwa wakati mmoja, au wageni ni wengi. Mmoja anabaki na nyuso zenu, mwingine anawapata wazazi wakifuta machozi. Ila saa za kamera zao zilinganishwe kabla ya kuanza, la sivyo mpangilio wa picha unavurugika na keki inatokea kabla ya kiapo.

RatibaKwanza
Kinachoharibu picha nyingi ni muda. Kundi moja la ndugu linachukua kama dakika tatu: kuwaita, kuwapanga, kupiga mara kadhaa kwa sababu kuna aliyefumba macho. Makundi kumi na tano ni dakika arobaini na tano. Andikeni orodha, anzeni na wazee ili wakapumzike, na kila upande uwe na mtu mmoja anayewajua ndugu kwa sura wa kuwaita. Mpiga picha hamjui shangazi yenu.

Jua likiwa utosini macho huingia kivulini, basi muulizeni atawasimamisha wapi mchana. Picha zenu wawili zipangieni saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, dakika ishirini zinatosha.

Mkatabani liandikwe jina la atakayeshika kamera, maana zipo studio zinazoonyesha kazi za mtu mmoja zikamtuma mwingine. Iandikwe saa ya kuanza na ya kumaliza, kwani “siku nzima” kila mtu huitafsiri kivyake, pamoja na malipo ya saa ya ziada. Kisha idadi ya chini ya picha zilizohaririwa, wiki za kusubiri, atakayekuja akiugua, na kama anaruhusiwa kuwatangaza mtandaoni. Sehemu ya malipo ibaki hadi mkabidhiwe kazi.

Mdai picha za ukubwa kamili. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 huchapika vizuri hadi kama sentimita 50 kwa 33; ikitumwa kama picha ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa sana. Mkipewa kiungo cha kupakulia, ulizeni kinafungwa lini, pakueni zote siku hiyohiyo kwenye diski mbili, na mfungue chache za mwanzo, katikati na mwisho kabla ya kusaini kwamba mmepokea.