Jeshi la 6 la Ujerumani pale Stalingrad: kutoka Novemba, kungoja Desemba, au kubaki?

MzeeWaRamani
Wakuu, ushabiki tuuweke kando, tulinganishe njia zilizokuwapo. Katika Vita Kuu ya Pili, Warusi walianza shambulio lao la Operesheni Uranus 19 Novemba 1942, wakayavunja majeshi ya Romania, washirika wa Wajerumani, yaliyolinda ubavu wa kaskazini na wa kusini, na tarehe 23 wakakutana karibu na mji wa Kalach, wakafunga mzingiro. Ndani walibaki watu kama robo milioni chini ya Friedrich Paulus na mnadhimu wake mkuu, Arthur Schmidt.

A: kupasua mzingiro mara moja, kabla ya 25 Novemba.
B: kungoja vifaru vya Jenerali Hoth wa Ujerumani, vilivyokuja kuwaokoa kutoka kusini-magharibi, kisha kutoka Desemba.
C: kubaki na kulishwa kwa ndege.

Mimi nipo A. Warusi wenyewe walidhani wamezingira watu wapatao 90,000 tu, na safu yao ya ndani ilikuwa bado nyembamba.

Kwato
A unaitaja kirahisi mno, mkuu. Jeshi lile lilitegemea farasi kuliko injini, na farasi wengi walishapelekwa nyuma mbali kabla ya baridi kwa kukosa malisho. Mzinga wa milimita 105 ulivutwa na farasi sita. Pasipo farasi, mzinga unaachwa pale pale pamoja na makombora yake. Unatoka na bunduki, unavuka uwanda mtupu wenye theluji, vifaru vya adui viko pande zote.

Na sampuli tunayo. Jenerali Seydlitz, mmoja wa makamanda wa chini ya Paulus, aliirudisha nyuma Divisheni ya 94 bila ruhusa, akitaka kumlazimisha Paulus kutoka. Ghala zikachomwa, askari wakaacha mahandaki, Warusi wakawakuta mahali pa wazi na kuifyeka divisheni.

TaniKwaSiku
C tuimalize kwa hesabu. Jeshi liliomba tani 750 kwa siku, likashuka hadi 500, Göring, mkuu wa jeshi la anga, akaahidi. Ndege ya mizigo ya Ju 52 hubeba takriban tani 2, kwa hiyo hata tani 300 za kubahatisha maisha ni safari 150 za kutua kila siku, kwenye mwanga mfupi wa Desemba. Siku bora kabisa, 19 Desemba, zilifika tani 289. Wastani ulizunguka 100 hivi.

Sababu si moja. Ukungu, barafu kwenye mabawa, injini zinazogoma kuwaka hadi zipashwe moto, ndege za kivita za Warusi njiani. Tarehe 24 Desemba vifaru vya Warusi vikaingia ndani ya Tatsinskaya, uwanja wa ndege wa Wajerumani nje ya mzingiro, ndege zikaruka huku zikipigwa, na baada ya hapo safari ikawa ndefu zaidi. Pitomnik, uwanja mkuu ndani ya mzingiro, ulianguka 16 Januari.

Waliotetea mpango walitaja Demyansk, ambako Wajerumani kama 100,000 waliozingirwa walilishwa kwa ndege mapema 1942. Robo milioni ni hesabu nyingine. Na Jenerali Fiebig wa jeshi la anga alimwonya Schmidt kwa simu tangu 21 Novemba kwamba haiwezekani. Hakuna aliyekosa taarifa.

Kwato
Hapo sina ubishi.

Mtumba_wa_Vita
B nayo ni jina tu. Hoth alifika mto Myshkova 19 Desemba, bado kilomita 48 hivi. Vifaru vya Paulus vilikuwa na mafuta ya kwenda kama kilomita 30. Manstein, mkuu wa Paulus na Hoth, alimhimiza Paulus lakini hakutoa amri ya mwisho ya kuuacha mji. Paulus naye akaingoja amri hiyo. Wakati huohuo jeshi la Italia, mshirika mwingine wa Wajerumani, lilikuwa limeshavunjwa kwenye mto Don, na tarehe 23 divisheni ya 6 ya vifaru ikanyang'anywa Hoth kuziba pengo.

MzeeWaRamani
Ndiyo maana nashikilia A, hata kwa kupoteza mizinga yote. Jenerali Hube wa Ujerumani, naye akiwa amezingirwa, alitoka na jeshi la vifaru la 1 huko Kamenets-Podolsky mwaka 1944, akiacha zana nyingi, na watu wakaokoka. Paulus alipewa jeshi zima Januari 1942 bila kuwahi kuongoza hata divisheni.

TaniKwaSiku
Hube alikuwa na ruhusa, Manstein aliipigania kwa Hitler. Paulus aliiomba akanyimwa. Na wale wanaosema mtangulizi wake Reichenau angekaidi, wakumbuke pia amri yake ya 10 Oktoba 1941 iliyohalalisha mauaji ya Wayahudi, siku chache baada ya mauaji ya Wayahudi ya Babi Yar huko Kyiv, ndani ya eneo la jeshi hilihili.

Mtumba_wa_Vita
Kwa C nitasema moja: kubaki kuliwashikilia Warusi majeshi saba wakati Wajerumani wanatoka Kaukazi kupitia Rostov. Lakini faida hiyo ilipungua kadiri Januari ilivyosonga. Masharti ya kusalimu amri yaliyoletwa 8 Januari yalikataliwa, na Paulus akaja kuomba ruhusa ya kusalimu tarehe 22, akakataliwa, akatii tena. Lawama yangu kwake iko hapo zaidi ya Novemba.