Celeron 300A ya Slot 1: kuziba pini B21 ili FSB (spidi ya njia inayounganisha prosesa na bodi) itoke 66 iende 100 MHz, ni salama?

ChumaChakavu
Wakuu habari zenu. Kuna mashine ya kizamani naifufua kwa ajili ya magemu ya enzi za Windows 98, ndani ina Celeron 300A ile ya Slot 1 (prosesa ya Intel iliyo kwenye kadi ya kuchomeka), bodi ni ya chipseti ya 440BX ila ni zile zilizokuja na kompyuta nzima toka kiwandani, kwa hiyo BIOS yake (menyu ya mipangilio ya bodi) haina kitu, FSB hugusi, volti hugusi, na jampa sizioni. Nasikia kuna pini moja ukiiziba na selotepu prosesa inaruka toka 300 mpaka 450, ni kweli? Na je haitaniulia hadidiski au kadi ya picha, maana kuna jamaa anasisitiza nisizidishe 83 ndo salama, 100 ni nyingi mno.

Fundi_Zamani
Ni kweli kabisa mkuu, na hiyo 300A ndo iliyowaingiza wengi kwenye ovakloki (kuikimbiza prosesa zaidi ya spidi yake), ilitoka 1998. Maltiplaya imefungwa kwenye 4.5, huibadilishi, 66 (kamili ni 66.67) mara 4.5 ndo unapata hiyo 300, ukiipa 100 inakuwa 450 basi. Sasa bodi inajuaje itoe ngapi? Inaangalia pini B21. Kwenye prosesa za 66 hiyo pini imeungwa na gandi (ground) kwenye kadi ya prosesa yenyewe, ukiiziba bodi haioni tena gandi, resista iliyoko kwenye bodi inaivuta juu na bodi inaamini imechomekewa prosesa ya 100. Ndani ya prosesa hujabadili chochote, ukitaka kurudi 66 unabandua tu.

Huyo aliyekwambia 83 ndo salama amegeuza mambo. Kwa 66 PCI (njia ya kadi za ziada na hadidiski) inapata nusu ya FSB, yaani 33. Ukienda 83 bado inagawanywa kwa 2, PCI inakimbia 41.5 na hapo ndo hadidiski zinaanza kuandika takataka. Ukifika 100 BX inagawa kwa 3, PCI inarudi 33 yake, na AGP (njia ya kadi ya picha) inapewa theluthi mbili ambayo ni 66 ileile ya kawaida. Kwa hiyo kadi zako zote zinakuwa kwenye spidi yake halali, anayebebeshwa mzigo ni prosesa na RAM tu. Mimi 83 siigusi kabisa.

dada_saketi
Naongezea kwenye kuziba kwenyewe maana hapo ndo watu wanaharibu. Tafuta mchoro wa pini za Slot 1 uhesabu kwa utulivu upande wa B, usikisie. Zile pini ni nyembamba na zimebanana, selotepu ikizidi kidogo unaziba na ya jirani. Halafu unapochomeka, meno ya sloti yanaikwangua selotepu inajikunja inapanda juu, unawasha unakuta bado 300 unadhani mbinu ni uongo. Mimi napenda rangi ya kucha, unasafisha pini kwa spiriti kwanza, unapaka tone dogo kwa ncha ya kijiti, unaacha ikauke kabisa ndo unachomeka, tena wima bila kuichezesha. Siku ukitaka kuitoa ni asetoni kidogo inaisha.

ChumaChakavu
Asanteni sana aisee, hiyo ya PCI sikuwahi kuelezwa hivyo. Bodi nimehakikisha, chipu imeandikwa 82443BX. Ila RAM niliyonayo ni PC66, ya spidi ya 66.

Fundi_Zamani
Basi usizibe kwanza. RAM ya PC66 kwenye 100 mara nyingi hata picha haitoki, au inawaka halafu Windows inakufa katikati ya gemu na utaishia kuilaumu prosesa bure. Tafuta PC100, au PC133 ila hakikisha chipseti inaisoma yote, maana BX haizipendi zile stiki za chipu zenye densiti kubwa, inaona nusu tu.

Bit_na_Byte
Na sio kila 300A inafika 450 kwa volti yake ya 2.0. Ikiwa inaganda hata na RAM nzuri na feni nzuri, kuna pini za VID ambazo nazo zinazibwa kwa mtindo uleule ili bodi itoe volti zaidi, ila hapo ukikosea pini unaweza kuiunguza, mimi ningejaribu hitisinki kubwa kwanza.

Mchezo huu haukufia Slot 1 by the way, prosesa za Intel za soketi ya LGA775 nazo zina pini za BSEL, za kuiambia bodi itoe FSB ngapi. Q6600 ukiziba moja inatoka 266 kwenda 333, mara 9 ni 3.0 GHz. Ila E2140 ya 200 kuipeleka 266 haizibwi, inabidi uiunge pini na gandi kwa wino unaopitisha umeme, hiyo ni kazi ya mkono mtulivu.

dada_saketi
@ChumaChakavu ukishapata RAM na ikikuandikia 450 inapowaka, usikimbilie Windows, chomoa hadidiski kabisa uiachie memtest86 (programu ya kupima RAM) kwa flopi usiku kucha. Ikipita bila kosa ndo urudishe diski.