Carole Lombard: nianze na filamu ipi? Na mbona nakala zinapishana dakika?

Mdadisi_wa_Reli:
Wakuu, habari za jioni. Nafuatilia vichekesho vya Marekani vya miaka ya 1930, vile vya mapenzi na vurugu vinavyoitwa skruboli, na jina la mwigizaji Carole Lombard halikosekani popote. Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, nianze na filamu yake ipi, maana Twentieth Century naona ni makelele matupu. Pili, nakala moja ya My Man Godfrey ina dakika 94, nyingine 90. Hiyo ya 90 imekatwa wapi?

Bibi_Projekta:
Nianze na la pili, ni jepesi. Haijakatwa, imekimbizwa. Filamu hupigwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, ilhali televisheni na DVD za Ulaya zilitumia 25. Badala ya kuongeza fremu, waliiendesha filamu nzima kwa kasi hiyo. Chukua 94, zidisha kwa 24, gawanya kwa 25, utapata dakika 90 na sekunde chache. Tatizo ni kwamba sauti nayo hupanda. Kwa filamu ya mapenzi ya polepole huenda usigundue, lakini hawa watu tayari wanaongea kama cherehani, na sauti ya Lombard mwenyewe iko juu. Ukiona watu wote wana sauti nyembamba, fungua kichezeshi cha video, weka kasi 0.96, kisha zima kile kipengele cha kulinda kimo cha sauti, la sivyo mwendo utarudi sawa na sauti itabaki juu.

Nakala mbovu zimezagaa kwa sababu ya sheria. Enzi hizo hakimiliki ya Marekani ilidumu miaka 28, na mwenye nayo alipaswa kuihuisha. My Man Godfrey ni ya 1936, haikuhuishwa. Nothing Sacred ya 1937 nayo ni vilevile. Kwa hiyo yeyote mwenye mkanda uliochoka aliweza kuuza. Nothing Sacred ndiyo imeumia zaidi, maana ni filamu yake pekee ya Teknikolori, ule mfumo wa zamani wa filamu za rangi. Ukikuta nyuso zote ni za kahawia na anga haina bluu, achana nayo, tafuta iliyosafishwa upya. Pia angalia umbo la picha: ni karibu 4 kwa 3. Ikijaza televisheni pana yote bila mtu kuonekana mnene, ujue wamekata juu na chini, robo nzima ya picha imekwenda.

Kocha_wa_Jukwaa:
Kuhusu makelele ya Twentieth Century (1934): si makelele, mkuu, ndipo alipozaliwa upya. Ukijua alikotoka utaelewa.

Alizaliwa Fort Wayne, Indiana, mwaka 1908, akiitwa Jane Alice Peters. Mama yake alihamia Los Angeles na watoto, na binti akapata filamu ya kwanza, A Perfect Crime, iliyotoka 1921. Baadaye akasajiliwa na studio ya Fox. Ajali ya gari ikampasua shavu la kushoto, na mkataba ukaishia hapo. Kuanzia 1927 akaingia kwa mtayarishaji Mack Sennett kwenye vichekesho vifupi vya kurushiana keki na kuanguka. Wengi huiruka sehemu hii kana kwamba ni aibu. Mimi naona hapo ndipo alipojifunza kazi: namna ya kuanguka, na lini hasa uanguke. Studio ya Paramount walipomchukua 1930 walimvalisha magauni wakamsimamisha kama sanamu, na kwa miaka kadhaa ujuzi ule ukakaa bure.

Howard Hawks, mwongozaji wa Twentieth Century, ndiye aliyeufungulia mlango. Tazama ugomvi ndani ya behewa la treni, kati ya Lombard na mwigizaji mwenzake John Barrymore. Lombard anajitupa chali kwenye kiti na kumpiga mateke kwa miguu yote miwili, kama anaendesha baiskeli hewani. Zima sauti utazame mara moja. Utaona Barrymore anaingia na kutoka kwenye mzunguko wa ile miguu kwa kipimo, hakuna anayebahatisha.

Bibi_Projekta:
Nakubali kuhusu behewa, lakini mgeni asianzie hapo. Aanze na My Man Godfrey. William Powell, anayecheza Godfrey, alikuwa mtalaka wake, waliachana 1933, na bado ndiye aliyeshikilia apewe Lombard nafasi ile. Powell anacheza kwa utulivu kabisa, hivyo vurugu za Lombard zinapata ukuta wa kugongea. Barrymore naye anapiga kelele, unakosa pa kupumzikia. Mfano ni pale Irene, yaani Lombard, anapojifanya amezirai: Godfrey haongei, anambeba na kumweka chini ya bomba la mvua na nguo zake. Anatoka ameloa chapa, anarukaruka kitandani kwa furaha, maana kwake kumwagiwa maji ni ushahidi kwamba anapendwa.

Filamu ile ilikuwa ya kwanza kuteuliwa Oscar katika vipengele vyote vinne vya uigizaji, yeye akiwemo. Haikushinda hata kimoja.

Mdadisi_wa_Reli:
Asanteni sana. Na lile kovu? Mbona silioni?

Kocha_wa_Jukwaa:
Lipo. Mwanga ukitoka upande, kovu hutupa kivuli na kuonekana. Ukitoka mbele na juu kidogo, kivuli hupotea, na vipodozi humalizia. Lombard aliijua taa kuliko waigizaji wengi na alipenda kupigwa picha na mpiga kamera Ted Tetzlaff, ambaye alipiga Hands Across the Table (1935) na hiyo My Man Godfrey. Simamisha picha anapogeuza shavu la kushoto kwa karibu, utaona mstari mwembamba.

Ukimaliza Godfrey, nenda Hands Across the Table, kisha Twentieth Century, kisha Nothing Sacred. Fools for Scandal iruke tu. Ya mwisho iwe To Be or Not to Be ya mwongozaji Ernst Lubitsch. Tarehe 15 Januari 1942 alikuwa Indianapolis akiuza hati za mkopo wa vita, zikapatikana zaidi ya dola milioni 2 kwa siku moja. Kesho yake usiku ndege ya kumrudisha nyumbani iliruka kutoka Las Vegas ikagonga mlima Potosi. Ilikuwa nje ya njia, na taa nyingi za kuongozea ndege zilikuwa zimezimwa kwa sababu ya vita. Walikufa wote 22, yeye na mama yake wakiwemo. Alikuwa na miaka 33. Filamu ilitoka wiki chache baadaye, na sentensi moja ambayo ndani ya filamu aliuliza kwa mzaha nini kinaweza kutokea ndani ya ndege ikaondolewa. Kwa hiyo ukihisi mazungumzo yameruka kidogo mahali fulani, safari hii si kosa la nakala yako.